Chini ya Boneti: Fundi anaumwa, na daftari lake linawajua

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, mwishoni kabisa, baada ya kumjibu msomaji wa shokapu: kwamba fundi wetu wa Unga Limited, Arusha, anaumwa figo na siku tatu kwa wiki hayupo gereji. Jina sikulitaja, na leo pia sitalitaja kwa sababu amenikataza. Mwenye Land Rover ya zamani kuanzia Namanga mpaka Babati anajua ninayemsema. Barua zilizokuja baada ya mstari ule ni nyingi kuliko zote nilizopata tangu nianze safu hii, kwa hiyo wenye maswali ya shokapu wanivumilie mwezi mmoja.

Kwa wageni: mimi nilitunza stoo ya karakana ya serikali miaka 31. Fundi huyu alikuwa anakuja dirishani kwangu akiwa ameshika kipande kilichovunjika, anakiweka juu ya kaunta, anasema namba yake. Si jina, namba. Nilikuwa nafungua kitabu cha spea nihakikishe, na sikumbuki siku aliyokosea. Kwa hiyo nikionekana namtetea sana humu, nimekiri mapema.

*

Shikamoo Mama Stoo. Nina Land Rover 109, ile ndefu, ya mwaka 1968. Fundi alinishushia giaboksi mwaka 2019, nikamlipa nusu. Mwaka uliofuata korona ikaua utalii, na mimi nikaisahau njia ya Unga Limited. Zimebaki Sh 280,000. Sasa kwenye kundi letu la WhatsApp wanachangisha. Nikitoa laki tatu na jina langu likasomwa, si tutakuwa tumemalizana? Naona aibu kumkabili akiwa kitandani.
Mwenye 109, Karatu

Marahaba. Hamtakuwa mmemalizana. Utakuwa umesifiwa kwa fedha ya mwenyewe.

Nikuambie nilichokiona. Jumapili moja nilikwenda kumjulia hali, mkewe akanipa kaunta buku yenye kava jeusi na mgongo mwekundu, akaniomba nimsaidie kujumlisha. Kurasa zimelowa grisi mpaka ukiziinua dirishani zinapitisha mwanga. Ndani hakuna majina ya watu, kuna magari na tabia zake. "Kijani ya Mbulu, kabureta, alileta mbuzi, bado 40." "Nyeupe ya mission, springi za nyuma, anabeba mawe, bado 95." "Isiyo na mlango wa kushoto, breki, bado yote." Na wewe nilikuona kabla sijaisoma barua yako: "Karatu, giaboksi, hakanyagi klachi mara mbili, 280."

Hilo la klachi nilichekea, halafu nikasikitika. 109 ya mwaka 1968 gia namba moja na mbili hazina sinkro, kile kinacholinganisha mwendo wa meno kabla hayajashikana. Ukitaka kurudi gia ya pili unakanyaga klachi, unapita nyutro, unaachia, unapiga mafuta kidogo, unakanyaga tena. Usipofanya hivyo unasaga meno. Yaani miaka yote hii umelikimbia deni la kitu ulichokiharibu kwa mguu wako.

Nilijumlisha kwa simu mara mbili: Sh 6,450,000. Risiti za hospitali zinaonyesha anatozwa Sh 180,000 kila akisafishwa damu, na anasafishwa mara tatu kwa wiki. Gawanya mwenyewe. Madeni yenu peke yake yangemlipia karibu wiki 12 kabla mtu hajachangia hata shilingi. Ndiyo maana mkewe alikuwa ananiangalia nijumlishe huku amenyamaza.

Aibu uliyonayo ni ya kweli na sitakuondolea. Nenda Jumanne au Alhamisi asubuhi, siku ambazo haendi hospitali. Mpe fedha mkononi. Kalamu ya daftari imefungwa kwa uzi kwenye mgongo wake. Mwache afute mstari mwenyewe. Nimeshuhudia mwenzako wa breki akifanyiwa hivyo. Fundi alivaa miwani, akatafuta ukurasa, akachora mstari taratibu kama anakata bati, halafu akamuuliza, "Na mlango umeshapata?" Waliongea nusu saa kuhusu mlango. Zikikubakia, hizo ndizo uzipeleke kwenye mchango.

*

Mama Stoo, sisi wake wa madereva tulipika machalari safi ya ndizi na nyama, tukabeba na parachichi na madafu mawili, tukamtembelea mgonjwa. Mkewe alipokea, lakini baadaye tukasikia chakula chote kimeliwa na vijana wa gereji. Tumeumia. Kwetu mgonjwa hapewi wali mkavu.
Mama wawili, Moshi

Poleni, wanangu, lakini mkewe aliwastahi. Mngeona alivyokuwa amebana midomo.

Ndizi, parachichi, dafu, nyanya, machungwa, vyote hivyo vina potasiamu nyingi. Figo nzima huitoa kwenye mkojo bila sisi kujua. Figo zilizokufa haziitoi, inabaki kwenye damu mpaka siku ya kusafishwa, na ikizidi inaweza kuusimamisha moyo. Kwa hiyo lile sufuria lenu, ambalo kwa mzazi aliyejifungua lingekuwa dawa, kwa huyu ni hatari. Anayeishi Arusha na Moshi na kukatazwa ndizi, mjue anateseka kuliko mnavyodhani. Kiti chake kimewekwa chini ya mparachichi, na msimu huu umezaa mpaka matawi yameinama.

Maji nayo anapimiwa. Ana chupa ya nusu lita aliyoichora mistari kwa maki peni, kama anavyochora dipstiki, na mstari wa mwisho ni wa kulalia. Kwa hiyo ukifika usimlazimishe soda.

Mkitaka kupika, muulizeni mkewe kwanza. Ana karatasi ya mtaalamu wa lishe ameibandika kwenye kabati. Mayai anaruhusiwa. Wali anaruhusiwa, huo huo mkavu. Mboga na viazi hukatwa vidogo, huchemshwa kwa maji mengi, na maji yale humwagwa. Sijui mpishi wa Kichaga atakayemwaga supu bila kuugua moyo, lakini ndivyo ilivyo.

Jambo moja zaidi kwa wote wanaomtembelea: msimshike mkono wa kushoto. Daktari ameunganisha mishipa miwili ya damu pale ili sindano za mashine zipate njia. Mkono ule haubebi mzigo, haufungwi saa, haupimwi presha. Siku niliyokwenda alichukua vidole vyangu viwili akaviweka juu yake taratibu. Unatetemeka ndani, mfululizo, kama unagusa tapeti kava, mfuniko wa juu wa injini iliyo hai. Akaniambia, "Silensa hiyo. Ikizima, mnikimbize." Silensa ni injini inaponguruma gari limesimama. Na si utani: mtetemo ule ukikoma ni wa kukimbiziwa hospitali saa ile ile.

*

Shikamoo mama. Mimi ni mwanafunzi wake, mwaka wa sita sasa. Tangu augue wateja wanakuja kuvuta magari yao. Mmoja alikuja na lori na kamba, gari lake injini iko chini, akasema "hapa hamna fundi". Mwezi uliopita na mimi nilikosea. Nilifunga betri mpya kwenye Land Rover ya mwaka 1964, hasi kwenye bodi kama magari mengine yote, redio ya mteja ikaungua. Habari imeenea. Nifunge geti?
Kijana wa gereji, Unga Limited

Marahaba, mwanangu. Usifunge geti.

Tuanze na betri. Land Rover zilizotoka kiwandani kabla ya mwaka 1967 au karibu na hapo zilifungwa chanya kwenye bodi. Baadaye ndipo wakageuza. Nyingi zimegeuzwa na mafundi njiani na nyingine hazijageuzwa, kwa hiyo mwaka wa gari pekee haukuambii kitu. Unafuata waya kwa macho mpaka mwisho ndipo unashika spana. Wewe ulifunga kwa mazoea. Kosa hilo mwenyewe aliwahi kulifanya, kwenye gari la bwana nyama mmoja wa idara ya wanyamapori, na kilichoungua hakikuwa redio. Muulize akuhadithie. Kama redio hujailipa, ilipe, kisha utembee kifua mbele.

Wateja wa aina mbili uwatenganishe. Mwenye gari zima anayetaka kuondoka, mfungulie na umtakie safari njema. Mwenye gari lililofunguliwa alipe kazi iliyokwisha fanyika, apewe makopo yake, aondoke. Nasema makopo kwa sababu naijua ile rafu: kila nati na boliti ya kila gari kwenye kopo lake la maziwa, limeandikwa kwa rangi nyeupe, "gia mfuniko", "habu kulia". Fundi atakayepokea injini iliyo chini bila makopo yale atakesha. Yule wa lori aliyachukua? Nina wasiwasi hakuyachukua. Yahifadhi. Atarudi.

Sasa wewe. Miaka sita si michache, na yeye mwenyewe ameniambia tapeti zako, yaani ukiweka nafasi za valvu, hazirudiwi tena. Nikamuuliza anajuaje akiwa amelala. Akasema ulipofunga ile nyeupe ya mission alipita nyuma yako na fila, kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya robo milimita, zote nane, amefumba macho, na zote zilimshika vilevile. Hakukuambia kwa sababu ndivyo walivyo mafundi wa rika lile. Ukimsubiri akusifu utazeeka.

Fanyeni hivi. Kabla ya kufungua kitu kikubwa, piga picha, andika unachodhani ndicho tatizo, mpelekee Jumanne au Alhamisi saa nne asubuhi pale chini ya mparachichi. Siku za Jumatatu, Jumatano na Ijumaa usimpigie. Mashine inamshika saa nne nzima, akirudi amechoka kama aliyesukuma gari kutoka Monduli. Wateja nao muwaambie hivyo. Kuna mmoja alimpigia Jumatatu mchana kuuliza kwa nini honi hailii.

Fedha nayo muizungumze wiki hii, kwa maandishi, mkewe akiwepo. Sina haki ya kuwapangia, lakini mkiniuliza: yadi na vifaa ni vyake, mikono ni yako, ufundi mnagawana, basi nusu kwa nusu ya kazi. Na usiweke cha juu kwenye spea. Cha juu cha elfu kumi kitakuua jina kuliko ile redio.

*

Asalaam alaykum Mama Stoo. Niko Muscat mwaka wa kumi na mbili, mzaliwa wa Ngarenaro. Nataka kumsaidia Fundi kwa kuinunua ile Land Rover yake ya mwaka 1964, niilete huku niifufue. Natoa milioni nne taslimu wiki hii. Nadhani kwa hali yake zitamfaa.
Mwana wa Arusha, Muscat

Waalaykumu salaam. Zitamfaa wiki saba. Halafu?

Nakujibu kwa heshima kwa sababu uko mbali na pengine bei za huku umezisahau. Gari lile lina bodi yake ya alumini ya kiwandani, chesisi yake ya mwanzo, na injini aliyoifungua yeye tu. Mtu akilitangaza kwa haki halianzii milioni nne. Na wewe si wa kwanza. Ni wa tano, na wote mmetumia neno "kumsaidia". Gari la mgonjwa halinunuliwi. Akipona akitaka kuliuza ataweka bango.

Ukitaka kweli kumfaa, iko njia. Hapa tunahangaika na sili za habu, raba za silinda za breki na sahani za klachi. Za bandia zinazouzwa mjini hazimalizi mvua mbili. Mwombe kijana orodha yenye namba, nunua huko, tuma. Gereji itawauzia wateja kwa risiti na faida itabaki pale.

*

Mama Stoo heshima yako. Sisi ni wapenda Land Rover, tuko 60 kwenye kundi. Tumepanga msafara wa magari yote hadi hospitali siku anayosafishwa damu, tupige honi, turekodi video, tuchangishe siku hiyo hiyo. Tunatarajia milioni tatu na nusu. Mweka hazina amejitolea namba yake ya simu ipokee michango. Tunaomba baraka zako.
Katibu wa kamati, Arusha

Katibu, umemuuliza mwenyewe?

Nimemuuliza mimi. Najua msafara ulivyo mtamu. Oktoba 2024, Land Rover zilipojaa Arusha kwa lile tamasha, nilisimama barabarani tangu asubuhi na mwavuli, nikazitambua nyingine kwa kelele ya difu kabla sijaziona. Lakini chumba kile wamelala watu wengi, kila mmoja na mashine yake, na wengine hawana hata ndugu wa kuwaletea uji. Honi 60 chini ya dirisha lao?

Alichosema Fundi nakinukuu kama kilivyo: "Waje gereji, wasije hospitali. Na kila gari lije na ugonjwa wake."

Maana yake mmeielewa. Chagueni Jumamosi. Kila mwenye gari alete kazi anayoiahirisha tangu mwaka jana, brekishuu, plagi, oili ya difu, alipe ufundi kwa bei kamili siku hiyo hiyo. Kijana peke yake hawezi magari 60, kwa hiyo muyagawe kwa Jumamosi sita, na wale mafundi wawili wa jirani wameshakubali kusaidia wakilipwa chao. Rekodini video za gereji mpaka mchoke, ila mgonjwa hapigwi picha amelala. Namna hiyo Fundi anapata fedha na gereji inaonekana iko wazi. Yule wa lori na kamba ataipata habari.

Kuhusu hiyo milioni tatu na nusu: kwa 540,000 za kila wiki, inaisha wiki ya saba haijafika katikati, na kufikia hapo nyinyi mtakuwa mmeshahamia kwenye harusi ya mtu. Maradhi haya hayana siku ya kilele. Figo zikishakufa anasafishwa maisha yake yote, au apandikizwe nyingine. Upandikizaji upo nchini, Muhimbili walianza Novemba 2017 na Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa, mwaka uliofuata, na ndugu zake wameanza kuongea na daktari kuhusu hilo. Hayo ni ya familia. Nyinyi 60 mkitoa 20,000 kila mwezi ni Sh 1,200,000, zaidi kidogo ya nusu ya bili yake ya mwezi. Yule anayeahidi laki tano kwa kelele mbele za watu mpunguzieni, mwandikeni 20,000 za kila tarehe tano.

Na fedha zisipite kwenye simu ya mtu. Simsemi mweka hazina wenu, simjui. Ombeni kontroo namba ya bili yake, lipieni moja kwa moja hospitali, risiti irushwe kwenye kundi. Mweka hazina mwaminifu ndiye atakayeshukuru kuliko wote, maana hakuna atakayemtazama viatu vyake vipya kwa jicho la pembeni.

*

Mama, mimi fundi wa magari, miaka 38, mgongo unaniua. Kwa siku nameza diklofenaki mbili au tatu ili nilale chini ya gari. Nimesikia dawa hizi ndizo zilizomuua figo mzee wetu. Kweli?
Fundi, Tengeru

Mzee wetu hajafa, wala figo zake hazina sababu moja. Alikuwa na presha asiyoipima. Presha na kisukari ndivyo vinavyoharibu figo za watu wengi kuliko kitu kingine. Lakini ndiyo, na hizo dawa alizimeza kama karanga, miaka, na amenipa ruhusa niseme. Diklofenaki na ndugu zake hupunguza damu inayofika kwenye figo. Siku mbili tatu kwa mtu mwenye afya hazina neno kubwa. Kila siku kwa miaka, huku una presha na hunywi maji kwa sababu choo cha gereji kiko mbali, ndiyo habari nyingine.

Nenda kapimwe presha, na uombe kipimo cha damu cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, pamoja na mkojo. Mgongo wako wapelekee wenye mazoezi ya viungo, na uchimbe shimo la kushukia badala ya kulala kwenye boksi. Bima pia uiulizie sasa ukiwa mzima; Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepita mwaka 2023, na sisi wa gereji bado tunadhani bima ni ya magari.

Halafu, kwa kuwa nimekupata: wewe bado unapuliza vumbi la brekishuu kwa kompresa? Bitana za magari haya ya zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Fundi wetu amekuwa akilowesha ngoma kwa maji na kitambaa tangu nimjue. Wenzake walikuwa wanamcheka kwamba anaogesha gari.

*

Shikamoo Mama Stoo. Samahani kuuliza mambo ya gari wakati wa maradhi. Land Rover yangu Series III ya mwaka 1974, petroli. Nikipanda ule mlima wa kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu, karibu na juu inazima. Nikikaa robo saa inawaka, inakwenda. Nimebadilisha plagi, pampu ya mafuta, koili. Bado.
Dereva, Mto wa Mbu

Marahaba, na usiombe samahani. Barua yako ndiyo niliyoibeba kwanza kwenda nayo. Zile nyingine nilimsomea amefumba macho. Hii yako alinyoosha mkono, akataka aishike.

Aliuliza, "Ikizima, inazima ghafla kama amefunga swichi, au inakohoa kwanza?"

Nikamwambia hujaandika. Akaguna. Aliguna hivyo hivyo dirishani kwangu miaka ile, niliponunua gasketi za bei rahisi.

Haya ndiyo maelekezo yake. Ikizima ghafla, ni moto: usiangalie koili tena, angalia kondensa ndani ya distributa, maana ikipata joto huwa inakufa na ikipoa inafufuka. Ni kitu kidogo kama kidole cha mtoto na ndiyo maana hukukibadilisha. Ikikohoa na kuvuta-vuta kwanza, ni mafuta yanachemka kwenye bomba kabla hayajafika kwenye kabureta, kwa sababu mlimani unakwenda polepole na injini ina joto. Hapo chukua kitambaa, kiloweshe maji, kizungushie pampu na bomba lake. Ikiwaka mara moja, umeshajua. Basi lisogeze bomba mbali na ekzosi, na uangalie kama ile pakingi nene chini ya kabureta ipo, au kuna mjanja aliweka karatasi.

Na kama una haraka, ikizima tu chomoa waya mmoja wa plagi, mtu apige starta, uone cheche. Ikiwepo, ni mafuta. Isipokuwepo, ni moto. Usitumie mkono ulio na saa ya chuma.

Nilikuwa nimeshafunga pochi niondoke akaniita. Akaniuliza huyu dereva ameshalipa. Nikamwambia, Fundi, hii ni safu ya gazeti, watu wanauliza bure. Akasema wakuulize wewe bure, yeye ushauri ni elfu kumi, na yuko kazini. Mkewe akaleta ile kaunta buku. Aliandika polepole kwa mkono wa kulia, wa kushoto ameulaza kwenye mto: "Mto wa Mbu, inazima mlimani, hajaangalia kondensa, 10."

Nimekulipia, mstari umefutwa. Sasa unadaiwa na mimi.